Mwezi Umekufa: Namna Kazi Mbaya Zilivyosomwa Durban, 1849–1911

Mwishoni mwa miaka ya 1840, Joseph Charles Byrne alikuwa akiwauzia Waingereza maisha mapya. Kwa pauni 10, mtu mzima alipata nafasi katika daraja la chini la meli pamoja na ekari 20 za ardhi katika koloni la Natal. Wanunuzi walikuwa mafundi, wakulima wadogo na wenye maduka ambao Uingereza ya miaka ile ya njaa iliwabana. Meli ya kwanza ya mpango huo, Wanderer, ilifika Durban mwezi Mei 1849, na katika miaka miwili iliyofuata zikaja nyingine kadhaa, zikileta zaidi ya watu 2,000. Moja kati ya hizo, Minerva, ilivunjika chini ya mwamba wa Bluff mwezi Julai 1850. Abiria walinusurika, lakini shehena yao ya majembe, mbegu na samani iliishia baharini.

Walionusurika na mawimbi walikwenda kuzitazama ekari zao. Wengi walikuta kwamba ekari 20 za Natal hazikuwa sawa na ekari 20 za Kent. Ardhi nyingine ilikuwa ya mawe, nyingine haikuwa na maji, nyingine ilikuwa mbali na barabara yoyote. Tena, katika nchi ya malisho, ekari 20 hazitoshi kumlisha hata mwenye ng'ombe wachache. Kabla mpango wenyewe haujamaliza kuleta watu, Byrne alikuwa amekwisha kufilisika. Wengi wa wahamiaji wake waliyaacha mashamba, wakarudi kwenye ufundi na biashara zao katika miji ya Durban na Pietermaritzburg.

Inafaa kuutazama mkasa huu kwa utulivu, maana una jambo ambalo historia ya kazi katika mji huo ililirudia mara kwa mara kwa nusu karne. Matangazo ya Byrne yalisema kweli katika tarakimu zake. Ekari zilikuwepo na meli zilikuwepo. Alichokiacha msomaji wake akijaze mwenyewe ni maana ya tarakimu hizo, na msomaji wa Kiingereza alizijaza kwa udongo aliokuwa anaujua. Tangazo hudanganya kwa urahisi zaidi pale linapomwachia msomaji kazi ya kujidanganya.

Kulikuwa, hata hivyo, na tofauti moja kubwa kati ya hawa na wale waliowafuata. Mhamiaji wa Byrne alipogundua kwamba amepunjwa, hakuna sheria iliyomzuia kuondoka shambani. Aliandika barua nyumbani. Kuanzia mwaka 1852 palikuwa na gazeti la Natal Mercury, lililoanzishwa Durban na George Robinson na Jeremiah Cullingworth, na lililosomwa na watu wa tabaka lake. Malalamiko yake yalikuwa na mahali pa kwenda, na miguu yake vilevile.

*

Miwa ndiyo iliyobadilisha hesabu. Edmund Morewood alitengeneza sukari ya kwanza ya Natal kwenye shamba lake la Compensation, kaskazini mwa Durban, mwaka 1851, na kufumba na kufumbua pwani nzima ikaanza kuota ndoto za sukari. Sukari inadai watu. Muwa uliokatwa haungoji: ukikaa, utamu wake unapungua, kwa hiyo wakati wa kuvuna na kusaga kazi huanza alfajiri na kuendelea usiku. Wenye mashamba waliangalia huku na huku wakaona kwamba wamezungukwa na makumi ya maelfu ya Waafrika, na bado hawakupata vibarua wa kutosha.

Malalamiko yao yamejaa katika kumbukumbu za koloni: Waafrika ni wavivu, hawaaminiki, huja wakaondoka mara tu wanapopata wanachokitaka. Dai hili liliaminiwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hata wanahistoria walilibeba bila kulipima. Aliyelipima kwa makini zaidi ni Keletso Atkins, katika kitabu chake cha mwaka 1993 chenye jina The Moon Is Dead! Give Us Our Money!, kinachochunguza chimbuko la maadili ya kazi ya Waafrika wa Natal kati ya 1843 na 1900. Alichokiona ni watu waliokuwa na mawazo yao thabiti kuhusu kazi, muda na ujira, na waliozitazama kazi za wazungu kwa jicho la mnunuzi anayepapasa kitambaa sokoni kabla ya kutoa pesa.

Jina la kitabu hicho limetokana na ugomvi ambao msomaji wa Kiswahili ataufahamu upesi kuliko msomaji wa Kiingereza. Katika Kizulu, kama katika Kiswahili, neno moja linataja mwezi wa mbinguni na mwezi wa hesabu. Mfanyakazi aliyeajiriwa kwa mwezi alihesabu tangu mwandamo hadi mwezi ulipotoweka. Mwezi ulipokufa, ujira wake ulikuwa umeiva, na siku iliyofuata ilikuwa siku nyeusi isiyofaa kufanyiwa kazi. Mwajiri alihesabu kwa kalenda ya ukutani, yenye siku 30 au 31. Mwezi wa mbinguni una siku 29 na nusu hivi. Kwa mwaka tofauti inafika siku 11, kama ajuavyo kila anayeuona Ramadhani ukirudi nyuma katika kalenda ya Kizungu. Basi mfanyakazi alikwenda mlangoni akasema mwezi umekufa, nipe fedha zangu, na mwenye nyumba akamwona mtu asiyejua kuhesabu, au mjanja anayetaka kuiba siku. Hakuna aliyeiba. Walikuwa wamekubaliana juu ya neno, kila mmoja akiwa na kitu chake moyoni, na aliyekuwa na hakimu upande wake ndiye ambaye kalenda yake ilishinda. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1850 ilikwisha kulifanya kosa la mtumishi kuacha kazi kabla ya muda kuwa jinai.

Afrika Mashariki ilikuja kupata ugomvi wa jamaa hiyohiyo. Kwenye mashamba ya walowezi wa Kenya na mashamba ya mkonge ya Tanganyika, mwezi wa kazi ulikuwa siku 30 zilizofanyiwa kazi na kukatwa alama kwenye kadi. Aliyeugua wiki moja au aliyenyeshewa mvua hakumaliza mwezi wake hata kama angani umeandama mwingine. Neno mwezi lilibaki lilelile kinywani mwa mwandikishaji alipofika kijijini, ila lilikuwa limepewa tumbo kubwa zaidi.

Watu wa Natal walifanya nini walipojua kwamba maneno ya mwajiri hayatoshi? Atkins anaonyesha kwamba walikuwa na maneno yao. Waajiri, nyumba zao na mashamba yao vilipewa majina, na majina hayo hayakuwa utani mtupu. Yalibeba tabia ya mtu: ukarimu wake, hasira yake, mkono wake kwenye mfuko, mkono wake kwenye mjeledi. Desturi ya kumpa mgeni jina ilikuwa pana, na majina mengine yaliingia katika historia rasmi: Theophilus Shepstone, aliyesimamia mambo ya wenyeji, aliitwa Somtseu, na Askofu John Colenso aliitwa Sobantu, yaani baba wa watu. Lakini majina ya mabwana wa kawaida yalifanya kazi ambayo ya wakubwa hawa hayakuifanya. Yalisafiri njiani pamoja na watu waliotoka kazini, yakafika vijijini kabla ya mwandikishaji, na kijana aliyekuwa anajiandaa kwenda Durban alikwisha kujua ni mlango gani asiubishe. Bwana aliyepewa jina baya alishangaa kwa nini watumishi hawaji kwake wakati jirani yake anao, akaandika gazetini kwamba Waafrika ni wavivu.

Charles van Onselen alikuwa ameona jambo la aina hiyo kwenye migodi ya Rhodesia ya Kusini mwanzoni mwa karne ya 20, ambako wachimbaji waliipa migodi majina yao wenyewe yaliyowaonya wenzao waliokuwa njiani kutoka kaskazini. Inatia shaka kuviita hivi "upinzani", kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa miaka ya 1970. Mtu anayemwambia binamu yake asiende kwa bwana fulani hapambani na ukoloni. Anamtakia binamu yake mema. Lakini jumla ya maneno hayo ilikuwa na uzito wa soko, na soko lilimwadhibu mwajiri mbaya kwa namna ambayo hakuna hakimu wa koloni aliyediriki.

Njia nyingine ilikuwa kukataa mwezi wenyewe. Bandarini Durban wengi walipendelea kazi ya siku kwa siku, iliyojulikana kwa neno la Kiholanzi cha huko, togt. Ni kibarua hasa, kwa maana ya Zanzibar, ambako neno hilo lilitokana na kijibarua, kile cheti kidogo cha kuonyesha kwamba siku imefanyiwa kazi. Mpakuzi wa shehena aliyelipwa kila jioni hakuhitaji kuamini ahadi ya mwisho wa mwezi. Bwana akiwa mkorofi leo, kesho hamwoni. Ujira wa siku ulikuwa mkubwa kuliko sehemu ya siku katika ujira wa mwezi, na jambo hili liliwaudhi mno wenye mji. Mnamo 1874 serikali ilileta kanuni za kuwaandikisha vibarua hao, kuwatoza ada na kuwavisha beji. Sababu iliyotajwa ni utulivu wa mji. Lakini ukiitazama kwa upande wa anayetafuta kazi, kanuni hizo zilikuwa zinapandisha bei ya uhuru wa kuchagua.

*

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Wenye mashamba ya miwa, waliposhindwa kuiuza kazi yao kwa watu walioishi kilomita chache kutoka shambani, waliitembeza ng'ambo ya bahari. Sheria namba 14 ya mwaka 1859 iliruhusu kuletwa wafanyakazi wa mkataba kutoka India. Meli Truro ilitia nanga Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikiwa na watu 342 kutoka Madras, na siku kumi baadaye ikafika Belvedere kutoka Calcutta. Hadi uhamiaji huo ulipokoma mwaka 1911, rekodi zilihesabu watu 152,184.

Masharti yaliandikwa. Jambo hili linahitaji mkazo, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba watu hawa waliibwa gizani. Miaka mitano ya kazi. Ujira wa shilingi 10 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, ukipanda shilingi moja kila mwaka hadi 14. Wanawake nusu ya ujira huo. Posho ya chakula, makazi, matibabu. Sheria ya uhamiaji ya India ya mwaka 1883 ilimtaka mwandikishaji awe na leseni, awe na karatasi ya masharti kwa Kiingereza na kwa lugha ya watu wa mahali pale, na mhamiaji afikishwe mbele ya ofisa wa kumsajili athibitishe kwamba ameelewa na amekubali. Kwa kipimo cha karne ya 19, na kwa vipimo vingi vya leo, lilikuwa tangazo la kazi lililosimamiwa na serikali mbili.

Pembeni ya karatasi hiyo kulikuwa na kinywa. Wale mawakala wadogo walioitwa arkati walizunguka masokoni, kwenye vituo vya reli na mahali pa hija, wakitafuta mjane aliyefukuzwa, kijana aliyegombana na kaka yake, mkulima aliyeshindwa na deni. Katika familia za Kihindi za Durban husimuliwa hadi leo kwamba babu waliambiwa Natal dhahabu hupatikana chini ya miche ya pilipili: ng'oa mche, okota. Haijalishi sana kama kuna wakala aliyewahi kuyatamka maneno hayo. Wajukuu wanajua kwamba karatasi haikuwa na pilipili, na wanasimulia pilipili kwa sababu ndiyo inayoeleza namna karatasi ilivyosikika masikioni mwa mtu asiyejua kusoma, aliye mbali na kwao, usiku, akiwa hajala.

Lakini lawama zote zikitupwa kwa arkati, karatasi inapona bure. Isomwe tena. Ilisema shilingi 10, na haikusema kwa herufi zilezile kwamba siku ya kutokuwepo kazini ingekatwa kwa kiwango kilichoweza kuzidi thamani ya siku yenyewe. Ilisema makazi, na haikusema kwamba mtu asingeruhusiwa kutoka nje ya shamba bila cheti cha bwana, hata alipokuwa anakwenda kumshitaki bwana huyohuyo. Ilisema saa za kazi, na haikusema msimu wa kusaga. Hakuna kati ya mambo hayo kilichokuwa siri: yote yalikuwa katika sheria za Natal, yamechapwa, yanauzwa kwa yeyote. Yalikuwa tu katika kitabu kingine.

Na hata hivyo karatasi ilikuwa na alama moja ya wazi kabisa kwa aliyejua kuisoma: ile miaka mitano. Kazi ambayo inamtaka mtu aweke rehani miaka mitano ya mwili wake, kwa adhabu ya jela akiivunja, imekwisha kusema yote kuhusu yenyewe. Mwajiri anayeamini kwamba mtu akiisha kuiona kazi ataendelea kuitaka hana haja ya hakimu wa kumshikia mlango. Wazulu waliokaa jirani walikuwa wamelielewa hili bila karatasi. Wahindi waliokuwa maili elfu kadhaa mbali hawakuwa na majina ya mabwana wa Natal, wala binamu aliyetangulia.

Binamu akaja kupatikana mwaka 1871. Kundi la kwanza la waliomaliza muda wao lilirudi Madras likiwa na habari: viboko, ujira uliozuiliwa, wagonjwa waliopuuzwa. Uhamiaji wa kwenda Natal ulikuwa umesimama tangu 1866 kwa sababu ya mdororo wa uchumi, na koloni lilikuwa linajiandaa kuufungua upya. Serikali ya India ikakataa hadi malalamiko yachunguzwe. Ndipo Natal ikaunda tume ya mwaka 1872, tume ambayo katika jina lake rasmi iliwaita watu hao kwa tusi la makuli. Palipatikana Mlinzi wa Wahamiaji wa Kihindi, marekebisho kadhaa ya sheria, na mwaka 1874 meli zikaanza tena. Uchunguzi huo haukuletwa na uungwana wa wenye sukari. Watu walirudi na kusema, na aliyesikia alikuwa na uwezo wa kufunga bomba. Lilipofunguliwa tena, shinikizo nalo likalegea.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha tangazo lilivyoweza kuwa la kweli siku lilipotolewa na la uongo siku ya kulipa. Mwaka 1870 sheria iliahidi kwamba aliyekamilisha muda wake angeweza kupewa ardhi yenye thamani ya nauli yake ya kurudi. Wachache sana waliipata, na mwaka 1891 ahadi hiyo ikaondolewa. Kisha sheria ya 1895 ikageuza meza yote: waliokuja chini yake walitakiwa wakimaliza ama warudi India, ama waingie mkataba mpya, ama walipe pauni 3 kila mwaka. Pauni 3 ni shilingi 60, yaani ujira wa miezi sita wa mtu wa mwaka wa kwanza. Baadaye kodi hiyo ilifikishwa hata kwa watoto wao wa kiume wa miaka 16 na wa kike wa miaka 13. Sharti liliwekwa kwenye mikataba. Kwa sheria, mhamiaji alikuwa ameambiwa. Ilichukua mgomo mkubwa wa mwaka 1913, uliotoka kwenye migodi ya makaa ya kaskazini mwa Natal ukashuka hadi kwenye miwa ya pwani, kabla kodi hiyo haijafutwa mwaka 1914. Gandhi, aliyefika Durban mwaka 1893 kama wakili kijana na aliyekaribia kuondoka mwaka uliofuata, anatajwa zaidi katika habari hizi. Lakini waliotembea walikuwa wale waliojiita kwa neno lililotoholewa kutoka Kiingereza cha mkataba, girmitiya, watu wa girmit. Jina la karatasi limekuwa jina la watu. Tanganyika nayo ilikuja kuwa na manamba.

*

Kuna kundi moja la wafanyakazi wa Durban ambalo halikuwahi kuonyeshwa tangazo lolote, na ndilo lililo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili.

Tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Zanzibar likafungwa. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi, na kila jahazi lililokamatwa lilileta swali lilelile: watu hawa waende wapi? Natal ilikuwa na jibu tayari, kwa maana ilikuwa na njaa ya watu katika miaka hiyohiyo ambayo meli za India zilikuwa zimesimama. Mwezi Agosti 1873 manowari Briton iliwateremsha Durban zaidi ya watu 100. Hadi 1880 idadi yao ilifikia kama 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar, mji uliwaita Wazanzibari, na jina likaganda.

Walikuwa watu huru. Hivyo ndivyo karatasi zao zilivyosema. Na kwa kuwa walikuwa huru, waligawiwa kwa waajiri kwa mkataba wa miaka mitano, chini ya ofisi ileile iliyowasimamia Wahindi. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo neno uhuru na neno mkataba vimefungwa kitanzi kimoja kwa unadhifu wa namna hii. Ni kweli kwamba maofisa wengine waliohusika waliamini kwa dhati kwamba wanawaokoa watu hao wasikamatwe tena na majahazi. Na kuwarudisha Wamakua kwao, katika pwani ambako biashara ile bado ilikuwa inaendelea, kungekuwa hatari ya kweli. Lakini kati ya hatari hiyo na shamba la miwa au jiko la Durban palikuwa na nafasi ya kuuliza, na sheria haikuitaka nafasi hiyo. Hawakudanganywa kuhusu ujira kama alivyoweza kudanganywa mtu wa Madras. Hakuna aliyehitaji kuwadanganya.

Walichofanya baada ya miaka mitano kinasema kitu kuhusu kazi walizozipitia. Wengi walijikusanya Kings Rest, upande wa Bluff, karibu na bahari, wakalima, wakavua, wakaweka msikiti. Waislamu wa Kihindi wa mjini, kupitia wadhamini wa msikiti wa Grey Street, waliwasaidia kupata ardhi huko. Kimakua kiliendelea kusemwa nyumbani vizazi kadhaa, ndani ya mji wa Kizulu na Kiingereza. Zubeida Seedat aliandika tasnifu juu yao mwaka 1973, na Preben Kaarsholm amefuatilia tariqa zao na uhusiano wao na Msumbiji. Wanaosoma kazi hizi wanakutana na jumuiya iliyotumia karne nzima kujenga mahali ambapo hakuna mtu angemgawia mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, chini ya sheria ya makabila kuishi maeneo yao, serikali ya ubaguzi iliitangaza Bluff kuwa ya wazungu na kuwahamishia Chatsworth, eneo la Wahindi, baada ya kuwaweka katika fungu la Waasia wengine. Karatasi kwa mara nyingine ilikuwa imeamua wao ni nani.

*

Swali la ukweli katika matangazo ya kazi halikuishia bandarini Durban, na Kiswahili kimelihifadhi katika msamiati. Kipande cha Kenya, kilichoagizwa na sheria ya 1915 na kuvalishwa shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliandika mfanyakazi ametoka kwa nani na kwa ujira gani. Kila mwajiri aliweza kumsoma mtu kabla ya kumchukua. Mtu hakuwa na kipande cha kumsoma mwajiri. SILABU, shirika la wenye mkonge la kuandikisha wafanyakazi lililoundwa mwaka 1944, lilipeleka magari yake hadi mikoa ya mbali ya Tanganyika kwa sababu ileile iliyoipeleka Natal Madras: walioishi karibu na mkonge walikuwa wanaujua. Na leo, wakala anayepita mitaa ya Mombasa au Kampala akiwaandikisha wasichana wa kazi za ndani kwa ajili ya nchi za Ghuba anatoa tarakimu ambazo mara nyingi ni za kweli. Kinachobaki katika kitabu kingine ni kafala, yaani kwamba ruhusa ya kuondoka iko mkononi mwa yule mtu ambaye mtu angetaka kumwondokea. Walio na shangazi aliyerudi huuliza hilo kwanza. Wasio naye huuliza mshahara.

Orodha za meli za Durban zimehifadhiwa, na wajukuu wa waliozishukia huzitafuta kwa jina la babu au namba yake. Kila mstari una jina, jina la baba, umri, tabaka, kijiji, na alama za mwilini: kovu juu ya jicho la kulia, chanjo mkononi, kidole kilichopinda. Kisha linafuata jina la mwajiri, na baada ya hapo safu imekwisha.